Wimbo wa Redioni Ulioimbwa Mingoyo

Harusi ile ya Mingoyo naikumbuka, mwanangu, kama vile nimetoka huko asubuhi ya leo, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Labda ningekuwa nimeshaiacha ipite, maana ni mambo ya usichana wangu. Lakini juzi pale Nangurukuru, tukisubiri basi, nilikusikia wewe na wenzako mkimcheka binti mmoja kwenye simu. Kakaa jikoni kwao, anaimba wimbo wa msanii mkubwa kwa sauti yake mwenyewe, kuku wanapita nyuma yake. Nanyi mnasema, "Hana lolote huyu, anakopi tu." Nilinyamaza kwa kuwa palikuwa na watu. Leo hatuna mgeni. Kaa unisikilize.

Nilikuwa naitikia katika kikundi cha taarabu pale Lindi. Mwimbaji wetu alikuwa Hadija, mwanamke mrefu, mkimya, baba yake mtu wa Kivinje na mama yake Mmwera. Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu Shamte, mpiga kodiani. Nyimbo zetu wenyewe zilikuwa chache. Nyingi tulizitoa redioni. Hatukuona haya, na kwa nini tuone? Watu walizipenda, na wengi redio hawana. Ila Hadija alikuwa na desturi yake: hafungui kinywa kuimba mpaka amemtaja mwenye wimbo. "Huu ni wa fulani wa Unguja. Mimi naupenda, basi niacheni niuimbe."

Siku hiyo bwana harusi alitoka kwa wafanyabiashara wa mjini. Bibi harusi alikuwa mjukuu wa wakulima wa korosho, Wamwera wa pale Mingoyo. Tulipofika alasiri tukakuta watu wa mume wamekaa kwenye viti mbele ya turubai, na watu wa mke, ambao ndio wenye nyumba, wako nyuma kwenye mikeka. Hilo peke yake lilinikera, lakini mimi mwitikiaji ningesema nini?

Hadija akamtaja mwenye wimbo kama kawaida yake, akaanza. Ulikuwa wimbo uliovuma sana wakati ule, wa mama anayemuaga binti yake anayeolewa. Ubeti wa kwanza aliuimba vilevile kama redioni. Wa pili akaushusha, akauimba polepole, kwa Kimwera. Hatukuwa tumelifanyia mazoezi jambo hilo. Kodiani ya Shamte ikayumba kidogo, halafu ikamfuata. Nikasikia wanawake wa kwenye mikeka wamenyamaza kimya, hata waliokuwa wakibembeleza watoto.

Ndipo akainuka kaka yake bwana harusi, kijana wa suti, akapiga makofi kwa nguvu kutukatiza.

"Acheni hapo! Mmeuharibu wimbo wa watu. Kama hamuwezi kuuimba kama redioni, zimeni tuweke kaseti!"

Viti vya mbele vikacheka. Si kucheka kidogo, mwanangu. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Hadija akabaki na kipaza sauti mkononi. Shamte akamsogelea, akamnong'oneza, nami nilikuwa karibu nikasikia: "Waambie ni wimbo wetu, tumeutunga wenyewe. Watanyamaza."

Hadija hakunong'ona. Akamjibu palepale mbele ya kipaza sauti. "Siwezi kusema uongo, Mwalimu. Wimbo una mwenyewe, na nimeshamtaja."

Kicheko kikazidi. Kisha nikaona kule nyuma anainuka Bi Mwanahawa, bibi yake bibi harusi. Alikuwa na maumivu ya magoti, akajishika kwenye nguzo ya turubai mpaka akasimama sawasawa.

"Baba," akamwambia yule kijana, "tangu umefika kwangu hujanipa hata shikamoo, na sikusema kitu. Huo wimbo nimeusikia dukani, nimeusikia kwenye mabasi, nikidhani ni watu wanajisifia mapenzi yao. Leo ndiyo nimeelewa kuwa kuna mama analia. Mjukuu wangu anaondoka, nami nilikuwa sina la kumwambia. Huyu kanisemea. Viti nimewapa nyinyi, chakula nimewapikia. Na wimbo nao mnataka kuninyang'anya?"

"Mama, mimi nilikuwa natania," kijana akasema.

"Basi nenda ukatanie nje."

Shamte akatupa ishara tuhamie wimbo mwingine. Sijui ujasiri ule niliupata wapi. Nikaanza kibwagizo mimi mwenyewe, peke yangu, na wenzangu wakadakia. Hadija akafumba macho, akaumaliza kwa Kimwera mpaka neno la mwisho. Bibi harusi akanyanyuka kwenye kiti chake cha kupambwa, akaenda na nguo zake nyeupe kukaa mkekani kwa bibi yake, wakalia pamoja.

Usidhani mambo yaliishia vizuri. Shamte alimfukuza Hadija kwa kumuaibisha mbele ya wenye pesa, nami nikatoka naye. Yule kijana hakumwomba radhi mtu yeyote. Hadija aliendelea kuimba kwenye shughuli za wanawake, nyimbo za watu, kila moja na jina la mwenyewe, na wenye shughuli wakimfuata mpaka kwake. Lakini mpaka leo najiuliza mtu anapata wapi haki ya kumnyamazisha mwenzake kwa kosa la kupenda wimbo.

Kwa hiyo nakwambia wazi. Ukimsikia mtu anaimba wimbo wa mwingine, hiyo mnayoita kava, msikilize kwanza. Ukikupendeza, furahi bila kuona aibu. Usiokupendeza, achana nao. Usimcheke eti kwa kuwa hakuutunga. Na ukija kuuimba wewe, mtaje mwenyewe, usijivike kazi ya mtu. Yule binti wa kwenye simu mtafute leo hii, umwandikie neno zuri, tena mbele ya wenzako waliocheka.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kufurahia kazi ya mwenzio, akukinge na ulimi unaovunja watu, na siku utakayoimba wewe, kwa sauti yoyote uliyojaaliwa, upate wa kukusikiliza mpaka mwisho. Amin.