Yaya Aliyepewa Jina la Mama

Mama yetu alipokufa kule kwetu Kafutuma, Nchelenge, wazee walimukalisha yaya, dada yangu mukubwa, kwenye mukeka. Wakamunywesha maji, wakamuvika ushanga mweupe mukononi, wakamupa jina la marehemu. Ndiyo kupyana, desturi ya huku: mutu hazikwi na jina lake. Tangu siku ile hata mimi, na hasira zangu hizi zote, nilimuita Mama na kumusalimia kwa magoti.

Marehemu mama, alipokuwa hai, alikuwa akipokea musaada wa serikali wa wazee. Baada ya kifo, karani alipoita jina lake, yaya akaitika, akapokea. Watu wote kwenye mustari walimuita Mama, sasa nani angeshangaa? Aliendelea vile mpaka polisi walipokuja. Kortini wakamuuliza jina, akataja lile la Mama. Hakimu akaona anamuchezea, akamufunga miaka miwili kwa kujifanya marehemu na kula musaada wa serikali.

Niliuza chisense, wale samaki wadogo wa ziwa Mweru, mpaka nikanuka hata kanisani, nikapata avoka, wakili, wa kukata rufaa. Avoka yule alinichosha. Mimi namueleza habari ya ushanga, yeye ananijibu kwamba sheria ni musumeno. Aka! Nikamuletea mujomba, ndugu ya mama, aliyemuvika yaya ule ushanga, aje aeleze mwenyewe.

Jaji wa rufaa alimusikiliza mujomba kwa heshima. Alisema desturi ile anaijua, hata kwao iko, lakini jina linarithiwa, uzee haurithiwi. Alitaka kujua tu kama yaya alikusudia kudanganya. Akamugeukia yaya.

"Mama yako yuko wapi?"

Yaya akamutazama mujomba. Mwenye kurithi jina hasemi kwamba mwenye jina amekufa. Ni kumuzika marehemu mara ya pili, na wazee walimukataza palepale mukekani. Avoka naye alikuwa ametuambia wazi kwamba yaya asiposema mama amekufa, jaji ataona angali anadanganya, na yaya atarudishwa jela. Nilitamani kumufokea: sema, wee mwanamuke, sema!

"Alikufa," akasema polepole. "Mimi ni mutoto wake."

Jaji akaamua kwamba muda aliokwisha kukaa jela unatosha, wamuachilie.

Nje nilimukimbilia, nikapiga magoti vumbini kama siku zote.

"Mama, twende nyumbani."

Alinishika mukono, akanisimamisha.

"Usiniite vile tena. Niite yaya."

Nilikuwa na furaha, Mungu anajua. Lakini njia yote ya kurudi Nchelenge nililia kilio cha musiba, na yaya hakuniuliza sababu.