Gia Nne za Kurudi Nyuma

Nikiri mapema: aliyeliharibu gari la Ami Twaha ni mimi, kwa kipande cha chaki. Miaka yote hii nimemwachia lawama fundi wa kuchomelea, naye maskini hakuwa na kosa ila kuamini mwandiko wa mtoto wa miaka kumi. Hadi leo nikinusa grisi iliyochanganyika na moshi wa udi, miguu huniwasha, jambo la ajabu kwa mtu ambaye safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani.

Ami, mdogo wake baba, aliachiwa na mwajiri wake gari la zamani la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa. Lilikaa kwenye kiwanja kando ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, injini imekufa, paka wamezaa kitini. Akaamua kulitia injini ya gari dogo la Kijapani pamoja na giaboksi yake, na difu ya pikapu, lile donge la chuma la nyuma linalozungusha magurudumu. Bibi, mama yake, akampa muda. "Twaha, Idd ikinikuta na takataka hii mlangoni, naita watu wa vyuma." Ami akacheka, "Mama, Idd Mosi nakupakia humu, twende baharini Mama Ngina ukale mihogo." "Humu, au umepata jingine?" akauliza Bibi.

Ramadhani ile hakuna aliyetulia. Injini iliingia na kutoka mara tatu; ikagonga fremu, fremu ikakatwa, kisha boneti ikakataa kufunga. Ami alifuturu tende mkono mmoja, spana mkono wa pili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema, ingawa nahisi mhunzi mwenyewe angekwishafunga duka. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika JUU kwa chaki upande wa juu wa kila kifaa. Difu niliiandika vizuri, kisha nikaiona chafu, nikaisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, na chaki ikaenda na uchafu. Pande zote mbili zikafanana. Nikabahatisha, kwa hati ya kupendeza. Fundi akachomelea vikalio vya springi, pale difu inapoketi, kwa kufuata chaki yangu. "Mbona tundu la oili limekaa kinyume?" Ami akauliza. "Wajapani hao," akajibu fundi. Nami nikaitia chaki mfukoni.

Idd Mosi Bibi akaketi garini na buibui jipya, mtaa mzima ukitazama. Ami akatia gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma, taratibu, kwa adabu, likalipindua karai la kaimati la jirani yetu Bi Salama. Akatia ya pili, likarudi kwa kasi zaidi. Difu ilifungwa juu chini, ikizungusha magurudumu kinyume: tulikuwa na gia nne za nyuma na moja tu ya mbele, ile iliyokuwa ya kurudi. Ami akabaki ameshika usukani kama mfiwa. Nilijua Bibi sasa ataita watu wa vyuma, na mimi ndiye niliyewaalika. Lakini yeye akakaza buibui. "Si umeniahidi mihogo? Hiyo moja yatosha." Wakaenda, injini ikilia kama mbuzi, mikokoteni ikiwapita. Baada ya sikukuu Ami akaigeuza difu, akafunga upya kila kitu bila chaki yangu.

Leo Bibi ametangulia mbele ya haki, Ami anaishi Tudor na gari lake bado linatembea. Kiwanja kile wanaegesha tuktuk. Mimi hutazama kwenye simu watu wakibadilisha injini kwa muda mfupi kuliko wa kuivisha wali, bila kukosea, na sioni hata mguu mmoja ukiniwasha. Juzi nikaona afadhali niitue siri, nikamweleza Bi Salama habari ya chaki, nikijua atalitaja karai lake. Akamaliza kahawa yake kwanza, akanitazama kuanzia kandambili hadi kichwani.

"Lile gari, hata kinyumenyume, lilikwenda. Wewe je?"