Poti ya Proksi

Hii kitu sijawahi kuisimulia bila kufunika uso, kwa hivyo mkiona nimeanza kuangalia viatu mnivumilie tu. Mpaka leo ukiuliza Chelangat wa kompyuta pale sokoni kwetu, watu wanacheka kwanza ndio wakuonyeshe njia.

Nilikuwa kwa mkataba wa muda kwenye kiwanda cha majani chai, na meneja alikuwa ameniambia wazi kwamba ripoti ya mwaka ifike ofisi kuu kabla mkutano wa wakulima uanze, la sivyo nisahau mkataba mwingine. Ripoti hutumwa na programu ya kuhifadhi faili mtandaoni, kule wanaita wingu, ile ya skrini nyeusi, haina picha ya kubonyeza, unaandika amri tu kama mtu anafunza mbwa. Sasa intaneti ya kiwanda haitoki nje hivi hivi, lazima ipitie kompyuta ya katikati inaitwa proksi, na programu yangu ilikuwa haijaambiwa hivyo, ikawa inagonga ukuta.

Soketi ya ofisi ilikuwa imeungua, chaji inaisha, nikaona kwa hema ya mkutano kuna stima na wifi inafika, nikasema wacha nikae kwa ile meza ya mbele kidogo tu. (Kidogo tu! Hiyo ndiyo ilinimaliza.) Nikampigia Otieno, fundi wa mtandao wa ofisi kuu, na kwa sababu ya kelele za wakulima nikaweka simu kwa spika, kando ya maiki, na maiki, jamani, ilikuwa imewashwa.

"Otieno! Nipatie poti ya proksi!"

Nilikuwa nataka namba ya mlango wa kupitia. Lakini sisi Wakipsigis mnatujua, p na b kwetu ni ndugu, t na d pia ni ndugu, kwa hivyo hema nzima ilisikia "bodi ya proksi." Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuchagua bodi ya kiwanda, na kwa mkulima proksi ni ule mtu unamtuma akupigie kura wakati huwezi kuja.

Otieno naye akanguruma kwa spika zote: "Bila proksi hakuna kitu itapita! Weka proksi kwanza, hayo mengine tutapanga!"

Weeh! Mkulima mmoja, Mzee arap Sitonik, akaruka juu na mwavuli. "Kumbe bodi imeshapangwa! Bodi ya proksi!"

Viti vikaanguka. Badala ninyamaze, nikashika maiki nieleze. "Wazee wangu, proksi si mtu. Ni kitu cha katikati, inachukua vitu vyenu inapeleka nje, na nyinyi hamuonekani."

"Hiyo ni broka!" mtu akapiga kelele. "Inapeleka wapi?"

"Kwa wingu," nikasema.

"Kura zetu ziko mawinguni!"

Meneja akafika mbio, tumbo limetangulia. Akaona njia ya kuwatuliza ni kuwaonyesha kila kitu. "Chelangat, unganisha kompyuta na projekta, uandike wote wakiona." Nikaandika laini ya proksi: jina, paswadi, anwani, na hiyo poti, Otieno alikuwa ameituma kwa meseji. Faili ikaanza kupanda nikamshukuru Mungu, halafu nikaona watu wameinua shingo. Walikuwa wanasoma. Paswadi ilikuwa imekaa kwa kitambaa cheupe, herufi kubwa kubwa, na ni mimi niliitunga siku moja nikiwa na hasira.

Mzee arap Sitonik akaisoma pole pole. "Tumbo... la... meneja."

Watu wote wakageuka kuliangalia. Kicheko chenyewe sitawaambia. Nilitamani mashine ya kukausha majani inimeze.

"Faili imefika?" meneja akauliza, hacheki.

"Imefika, sir."

"Basi na wewe umefika. Mwisho wa mwezi, kwaheri."

Kogo mmoja, nyanya aliyekuwa ameketi mbele, akainuka. "Ngoja, kijana. Kiwanda ni chetu. Wanaotaka msichana abaki, mikono juu."

Mikono ikapanda hema nzima, na kogo akainua miwili.

"Kogo, kura ni moja," meneja akasema.

"Huu ni wangu. Huu ni wa mzee wangu, amelazwa hospitali ya Kapkatet na mguu. Mimi ni proksi yake."

Meneja alitia sahihi mkataba wangu mpya, lakini mpaka leo akipita mlangoni kwangu anafunga vifungo vya koti, hata jua likiwaka. Mimi nimeapa: paswadi yangu sasa ni mstari wa Zaburi, na mahali popote nikiingia, kabla nifungue mdomo, naangalia kwanza maiki iko wapi.