Masikio na Mnara wa Kaka Yake

"Umetuzika wazima, Masikio! Wajukuu wa wajukuu zangu watazaliwa wanalia kwa sababu yako!"

Kaka mtu kasimama katikati ya sebule ya mama yao, utadhani msiba umeshaingia. Masikio, dada yake, alikuwa anakunja waya wa antena yake, hana hata haraka. Jina hilo alipewa utotoni, maana sufuria haikufunuliwa jikoni bila yeye kusikia. Sasa masikio hayohayo ndiyo yanamlisha: anazunguka na gari la ofisi akipima wapi pametulia, ili ijengwe darubini ya redio, ile sahani kubwa ya kusikiliza nyota. Na nyota zinanong'ona tu. Simu moja jirani inazifunika.

Mwanzoni, kati ya mabonde mawili yaliyopimwa, la kwao ndilo lililoongoza. Milima pande zote, kimya kama shule siku ya likizo. Kaka mtu, mwenye duka la misumari na saruji, akapata habari, akawaza: mtambo mkubwa vile si utataka mtandao wa nguvu? Akawaganda watu wa kampuni ya simu mpaka wakamchoka, wakasimamisha mnara kilimani. Akakaa anasubiri kupongezwa.

Leo asubuhi Masikio kawasha kipimo, mstari ukaruka juu ukagoma kushuka.

"Kaka, umempigia tarumbeta mtu anayesikiliza mnong'ono."

"Si ungeniambia?"

"Uliniuliza?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Basi waambie pametulia," kaka akashusha sauti. "Nani atajua? Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kwenda shule, mvua inanyesha."

Hapo Masikio akaacha kukunja waya. Barabara ya lami na umeme ambavyo vingekuja na darubini, alivitaka kuliko hata kaka yake. Lakini bonde la pili, la watu asiowajua, lilikuwa kimya kweli. Na wakubwa wenye suti zao walikuwa wanasubiri neno lake yeye, mtoto wa nyumba hii, ndipo wajue pa kumwaga zege. Kifua kilimjaa, akasimama wima.

"Darubini itajua, kaka. Siku ya kwanza tu."

"Mwache," mama akadakia. "Mimi sikuzaa mtu wa kuita kelele kimya."

"Kwa hiyo hilo lisahani ni ndugu yako kuliko mimi?"

Masikio akamshika mama mkono kumuaga, akajitwika sanduku la kipimo begani, akatoka. Kaka akamfuata mpaka mlangoni, akauliza tena, kwa nguvu zaidi. Dada mtu alishafika getini, shingo imenyooka, hageuki.