Niliitikia Marahaba

Fundi alifika Endasak kwa pikipiki kutoka Katesh, akateremka, akauliza ngazi iko wapi. Hakuniamkia. Kwa umri ningeweza kumzaa, na kwetu hata mtoto anayekimbizwa na ng'ombe atakupa shikamoo huku anakimbia. Nikanuna. Nikamwonyesha ngazi kwa kidevu.

Mashine yetu ya kusaga ilikuwa inagonga huko juu, kwenye pipa la bati linalopokea unga. Fundi alitaka injini iendelee kunguruma ili asikie hasa panapogonga. Akaegemeza ngazi, akaniomba niishike, maana sakafu ina vumbi la unga na ngazi huteleza. Nikaishika. Akapanda na spana yake.

Mara nikaona gunia la mteja limefunguka, mahindi yanamwagika. Nikaiachia ngazi, hatua mbili tu, nikalifunge. Hapo akaita kutoka juu. Nilisikia "Shika", na kama neno lilikuwa na mwisho, injini iliumeza. Moyo ukalainika. Kumbe ana adabu, ilikuwa haraka tu! Nikaitikia kwa nguvu, "Marahaba, mwanangu!"

Akadondoka pamoja na ngazi.

Sikuelewa. Nilibaki na kamba ya gunia mkononi, nikijiuliza mtu anaamkiaje halafu anaanguka. Majirani ndio waliozima injini na kumbeba. Nyonga ilivunjika, na daktari hajasema kama atapanda ngazi tena.

"Ajali haina kinga, mama," watu waliniambia. Hii ilikuwa na kinga, mikono yangu. Au labda aliniamkia kweli, akainama kidogo kwa heshima, mguu ukakosa kidato? Kila nikilirudia neno lile kichwani linatoka tofauti, asubuhi hivi, jioni vile. Naogopa kumwambia hata mume wangu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea uji hospitali. Kabla sijaketi akasema, "Shikamoo, mama." Neno zima, wazi kabisa.

Nilishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, nikamuuliza, "Mwanangu, siku ile kule juu ulisema nini?"



"Sikumbuki, mama. Nakumbuka tu uliniitikia."