Barua Sita za Siku Moja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nishikapo bahasha. Ilikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nikisomea udaktari kwa Kichina nisichokielewa vizuri. Bahasha nilizinunua Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, na kule hawauzi mojamoja. Nilifungiwa mia nzima. Nikakaa maktabani nikaandika barua sita kwa mkupuo, zote sawa: "Mama, mimi huku mzima wa afya, hofu ni kwenu." Mahali pa tarehe nikapaacha wazi, niwe natuma moja kila mwezi. Sikutaka ajue kwamba nimefeli mtihani, wala kwamba siku tatu zaweza kupita sijazungumza na mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nilijiambia.

Mwalimu wetu mmoja, bibi Mwingereza, akaziona, akauliza zinasema nini. Nikamweleza, na kwamba Mama hajui kusoma, dada yangu ndiye humsomea. Hakucheka, alivuta kiti. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alisema, akiwa na miaka minane, alipelekwa shamba, mbali na mabomu ya mjini. Kila msimu wa viazi shule zilifungwa. Jembe la farasi likishapita, kila mtoto aliokota viazi kwenye kipande chake kilichopimwa kwa hatua, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Jumapili alimwandikia mama yake: mimi mzima. Akavuna misimu mitatu. Vita vilipokwisha, akamuuliza mama kwa nini hakuja kumchukua.

"Akanijibu, 'Si wewe uliyesema u mzima?'" mwalimu alisema. "Na wako anaamini anachosomewa."

Nilizichana zote sita. Ya saba ilikuwa ngumu. Niliandika habari za mtihani, na za wali ninaokula nikiutazama ukuta. Mwezi ukapita kimya, nikajuta. Kisha likaja jibu, kwa mwandiko wa dada yangu: "Mama anasema leo ndipo amepata barua yako ya kwanza. Anasema urudie mtihani, na ule ushibe."

Nilikuwa nimeshakaa kule mwaka na nusu, nikimwandikia kila mwezi kwamba mimi mzima.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiwa mbali, usimfungie mlango akupendaye ukadhani unamlinda. Mwambie panapouma, japo kwa mistari miwili. Hakuna awezaye kukupa pole kwa jambo ulilomficha. Bahasha zangu mia zilikwisha kabla sijahitimu. Mungu akujalie mtu wa kumwandikia kweli, na bahasha zako zisikutoshe.