Kidole Changu Kwenye Jina la Mumbua

Hadi leo nikiona kidau cha wino wa zambarau naficha mkono mfukoni. Chekeni tu, nimezoea, maana kule upande wa Kibwezi wapo watu wasiolijua jina nililopewa na mama yangu, wao wananijua kama Mwalimu Kidole, na jina hilo nilijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya kanisa.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi ni mtu wa Matinyani, nilipelekwa kufundisha huko nikiwa mgeni kabisa, na mke wangu Mwende alikuwa amepata kazi ya kiwanda Athi River. Treni ya abiria ilipita steshi yetu ndogo bila hata kupunguza mwendo, kwa hiyo Mwende akija nyumbani alishukia Kibwezi, halafu anarudi kwa miguu akifuata reli, porini, na ndovu wa huko hawana adabu. Kila akija nilikaa roho mkononi. Ndiyo maana mimi mgeni nikajifanya kimbelembele wa kudai treni isimame kwetu. (Watu walikuwa wanaongezeka, kila mwezi duka jipya kando ya barabara ya Mombasa, sasa kwa nini treni itupite kama hatupo?)

Wakubwa wa reli wakajibu barua yetu: leteni majina sitini ya watu wazima, kila jina na alama ya kidole, afisa atakuja kuyahakiki. Nikazunguka vijiji vyote nikapata arobaini na tisa, nikakwama. Wazee wakiona kidau cha wino walikumbuka walivyopimiwa mashamba wakanyang'anywa, wakafunga milango. Siku moja kabla ya afisa kuja, nikiwa peke yangu ofisini kwa Pasta, nikaona daftari la zamani la washirika wa kanisa, na baadhi ya majina yalikuwa na msalaba mdogo wa kalamu nyekundu pembeni. Nikajiambia, hawa ndio waliookoka sawasawa, watu wa namna hii hawawezi kukasirika nikiwasaidia kuweka kidole. Nikanakili kumi na moja wenye msalaba, nikachovya dole gumba langu, nikabonyeza mara kumi na moja. Usiku huo nililala fofofo.

Kesho yake kanisa lilijaa. Afisa, mtu mwembamba mwenye miwani, hakutaka hotuba, alisema ataita majina na kila mtu aitike. Arobaini na tisa wakaitika vizuri. Kisha akasoma, "Kilonzo wa Mbithi."

Kimya. Mabati ya paa yalikuwa yakilia kwa joto tangu asubuhi, nayo (naapa) yakanyamaza. Pasta akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, hii jina umetoa wapi?"

"Kwa daftari yako. Wale wako na msalaba."

"Aiya! Mwalimu, msalaba ni ya wale tumezika."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mwanamume ikatoka nyuma kabisa: "Niko."

Sikuthubutu kugeuka. Afisa akatia alama, akasoma la pili, "Mutua wa Kioko," na sauti nyingine, nzito zaidi, ikajibu, "Niko." La tatu. La nne. Bibi mmoja kando yangu akaanza kulia chini chini, nami nikawa nasikia marehemu wakiitika mmoja mmoja nyuma ya shingo yangu. La tano nikajikaza nikageuka, nikaona wanaume wazima wamesimama, na hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo mimi Mkamba nilipaswa kulijua bila kufundishwa: kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, Kilonzo anamzaa Mbithi, Mbithi naye anamzaa Kilonzo, kwa hiyo Kilonzo wa Mbithi akizikwa, Kilonzo wa Mbithi mwingine anabaki akichunga mbuzi. Wajukuu walikuwa wameitwa, wakaitika. Nilifurahi karibu nilie, nikawa tayari namwona kichwani Mwende akishuka steshi yetu na kapu lake.

Likabaki jina moja. "Mumbua wa Kasyoka."

"Niko," ikajibu sauti ya mwanamke, taratibu, karibu na mlango.

Tuligeuka sote. Mlangoni palikuwa na jua tu. Pasta alishika mkono wangu akaninong'oneza kwamba Mumbua hakujaliwa mtoto hata mmoja, hakuna mtu aliyepewa jina lake.

Afisa hakujua lolote, alikuwa ameshatia alama, lakini sasa alikuwa ameinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Mwalimu, hebu lete mkono." Akalinyoosha dole gumba langu, bado la zambarau, akalilinganisha na la Kilonzo, na la Mutua, hadi chini. "Hawa watu kumi na moja wote wako na kidole moja?"

Kanisa zima likaangua kicheko, hata yule bibi aliyekuwa akilia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Afisa alikuwa na huruma kidogo. Alisema kila aliyeitika aje abonyeze kidole chake mwenyewe, ila jina jipya hapokei. Wajukuu kumi wakaja. Hamsini na tisa. "Na huyu Mumbua? Nimemsikia mimi mwenyewe," akasema, akangoja, nasi tukangoja naye huku tukitazama mlango. Hakuja mtu. Akafunga faili.

Kwa kupungukiwa jina moja tu, treni haikusimama, na Mwende akaendelea kushukia Kibwezi na kutembea. Miezi kadhaa baadaye alifika alfajiri, treni ilikuwa imechelewa, akaweka kapu chini akaniuliza, "Kwani siku hizi hapa steshi kuna abiria? Nimeona mama fulani kwa dirisha, amesimama peke yake na mzigo, anapungia treni mkono isimame."

Tangu siku hiyo sijamwekea mtu yeyote saini, hata Mwende, hata kwenye kadi ya harusi. Ni mimi niliyemwandikisha Mumbua kuingoja ile treni, na sijapata ujasiri wa kwenda kumwambia kwamba haitasimama.